Gari Lililofundishwa Upole

Landrova ya mzee Eustaki ilitengenezwa kwa ajili ya kubeba vitu visivyolalamika: magunia ya mbegu, madumu ya dawa, na maofisa vijana waliotaka kuonekana wagumu. Alikuwa ameiendesha miaka yote ya utumishi wake akiwa bwana shamba katika bonde la Kilombero. Serikali ilipoichoka na kuipeleka mnadani, yeye, ambaye naye alikuwa ameshastaafu, aliifuata huko huko akarudi nayo nyumbani kwake Katindiuka. Majirani wakasema mzee ameongeza mke. Aliyecheka kuliko wote ni mke mwenyewe, Serafina, mwalimu wa shule ya msingi. "Mke mwenzangu hana maneno," alikuwa akiwaambia wageni, "ila akikohoa tu, mume anaacha chakula mezani."

Sasa kicheko hicho kilikuwa kimekauka. Saratani iliyoanzia kwenye titi la Serafina ilikuwa imehamia katika mifupa ya mgongo na nyonga. Ilikuwa masika ya mwaka 1998, na mvua za elinino zilikuwa zimeliacha bonde zima limejaa maji kama sinia lililosahauliwa uani. Daktari alimwita Eustaki pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba lililobaki ni mgonjwa kupumzika nyumbani.

Daktari alimaanisha Katindiuka. Serafina alipoambiwa, yeye alielewa kwingine.

"Nipeleke kwa mama," alisema.

Kwao kulikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, pale barabara inapoliacha bonde na kuanza kuipanda milima. Mama yake, Bibi Valeria, alikuwa hai, lakini hakuwa ametoka nje ya ua wake tangu miguu ilipomsaliti.

"Tungeweza kumtuma mtu akamlete mama hapa, Mama Teddy," Eustaki alijaribu.

"Miguu ya mama imekufa kabla yangu. Mimi bado nabebeka." Akanyamaza akisubiri maumivu yapite, kama mtu anayepisha gari barabarani. "Na usinifikishe kwake nikiwa nimeshaondoka, Baba Teddy. Nataka aniguse nikiwa najua kwamba ananigusa."

Binti yao, Teddy, alikuwa kazini Kigoma, na reli ilikuwa imekatwa na mafuriko. Uamuzi ulikuwa wa Eustaki peke yake. Palihitajika gari litakalovuka mbuga ya tope iliyoko ng'ambo ya mto, na palihitajika gari ambalo halitamtesa mgonjwa. Naye alijua tangu mwanzo kwamba hayo ni magari mawili.

Lile la pili lilikuja na shemeji yake. Fidel, mdogo wake Serafina, alifika kutoka Morogoro na gari jeupe, la chini, lenye viti vya kitambaa na springi za kuviringika, gari ambalo likipita juu ya shimo hushuka na kupanda taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Lilifika limechubuka tumbo. Pale Kiberege vijana walilinyanyua mzegamzega kulitoa kwenye tope, na baadaye lilikwama tena mahali ambapo Fidel hakutaka kupataja.

Beno, fundi ambaye alikuwa akiitibu Landrova kwa miaka mingi, alijilaza chini ya gari hilo, akapitisha ngumi kati ya ardhi na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, akatoka akijifuta mikono.

"Bosi, hiki ni kitanda," alimwambia Fidel. "Kitanda kizuri sana. Mimi mwenyewe ningelala. Lakini ile mbuga ya ng'ambo haipokei vitanda."

"Na hiyo yenu ni mashine ya kupondea kokoto," Fidel alijibu. "Dada atafika, sikatai. Mtanikabidhi dada au mtanikabidhi vipande?"

Beno aliitazama Landrova. "Hapo umenishika," alisema.

Eustaki alikwenda nyuma ya Landrova, akafungua mlango, akaingia, akalala chali kwenye sakafu ya bati kati ya mabenchi mawili.

"Beno, endesha mpaka mjini urudi. Usinionee huruma. Endesha kama unavyoendesha siku zote."

Waliporudi, alishuka ameshika kiuno, akaegemea ukuta wa nyumba. Miaka yote ile alikuwa ameketi mbele, mikono ikiwa kwenye usukani, na mwenye usukani huliona shimo kabla halijafika. Mwili wake hujiandaa wenyewe. Kule nyuma shimo liliingia bila hodi. Yeye alikuwa mzima wa mifupa, na bado, walipopita kwenye kalavati lililobomoka, alipiga kelele.

"Gari hili linataka mzigo, Bwana Shamba," Beno alisema taratibu. "Likiwa tupu ni punda. Lipe mzigo, linakuwa ng'ombe."

Basi wakakaa siku nzima wakilifundisha upole. Walilipiga jeki, wakafungua springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, na kutoka katika kila fungu wakachomoa vyuma kadhaa, ili vilivyobaki viweze kupinda kwa urahisi. Walivipanga vile vilivyotolewa barazani, vikiwa na kutu na matope ya miaka, kama mbavu za mnyama. Wakabadilisha shokapu. Wakapunguza upepo wa matairi mpaka yakatanua mashavu. Fidel, aliyekuwa amevua shati la mjini, ndiye aliyepaka grisi kila kiungo, akipaka na kurudia, hata Beno akamwambia kwamba grisi ikizidi nayo hukamata vumbi.

Kilichobaki kilikuwa mzigo wenyewe.

"Mchanga," Beno alishauri. "Uko mwingi, na hauna mwenyewe."

Eustaki alitikisa kichwa. "Mchanga hauliwi. Siendi ukweni na mchanga."

Akafungua ghala lake, wakatoa magunia ya mpunga na kuyalaza sakafuni, kati ya mabenchi. Juu yake wakatandika godoro. Beno akakaa juu, akajirusharusha, na gari likaitikia kwa kuinama kidogo tu. Akamwangalia Fidel na kuinua kidole gumba.

Asubuhi walipomtoa Serafina akiwa amebebwa ndani ya shuka, alilitazama gari, akayatazama magunia yaliyochungulia chini ya godoro.

"Mpunga wote huo?"

"Ni uzito tu, Mama Teddy. Gari lisiruke."

"Uzito huo, tukifika, utaliwa na nani?"

Paulina, jirani yao aliyekuwa amejitolea kwenda naye kumhudumia, aliinamia kikapu chake kana kwamba alikuwa anatafuta kitu. Kila mtu pale alijua kwamba ukoo wa upande wa Mahenge ni mkubwa, na kwamba msiba wowote hudai sufuria kubwa. Eustaki mwenyewe alikuwa ametoa magunia yale bila kujiuliza swali hilo. Au alikuwa amejiuliza, na mikono ikamjibu kabla ya kinywa.

Serafina ndiye aliyewaokoa. "Angalau ni mpunga mzuri," alisema. "Nisingekubali unizikie ule wa mwaka juzi. Ulikuwa na mawe."

Paulina alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Walianza safari. Eustaki aliendesha, Fidel akiwa kando yake, na Paulina nyuma, amekipakata kichwa cha mgonjwa. Njia ya kwenda kivukoni ilikuwa na makorongo, lakini gari lilishuka na kupanda kwa ustaarabu ambao Eustaki hakuwahi kuuona kwake. Kila baada ya shimo alisikiliza nyuma, na nyuma palikuwa kimya. Mara moja tu Serafina alisema, "Mke mwenzangu amekuwa mtu mzima." Eustaki alitazama mbele, akitafuta shimo linalofuata.

Mto ulikuwa umevuka kingo zake. Kabla ya kufikia pantoni palikuwa na maji yaliyolala juu ya barabara, meusi, yamesimama. Eustaki alishuka, akafungua mkanda wa feni ili feni isiyarushe maji kwenye plagi, akayaingia polepole kwa gia ndogo. Gari lilivuka bila kukohoa. Maji yalipenya chini ya milango, yakatambaa sakafuni, machache yakatoka upande wa pili, na godoro likabaki kavu kwa sababu lilikuwa juu ya magunia. Eustaki alipoona godoro ni kavu alimshukuru Mungu, akaurudisha mkanda mahali pake, akapanga foleni ya pantoni iliyokuwa ikisubiri magogo yaliyoletwa na mkondo yapite.

Walisubiri kwa muda mrefu. Na katika kusubiri huko alifanya kosa ambalo mtu mwingine angesamehewa. Miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya wakulima wa bonde hili, kutoka Kisawasawa mpaka huko ng'ambo, akiwaambia neno lile lile kwa kila mavuno: mpunga usiguse maji, mpunga hunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Siku hiyo aliuacha ukae ndani ya maji yaliyotuama sakafuni, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwenye godoro. Magunia yakanywa taratibu, yakavimba, yakawa mazito kuliko yalivyopakiwa.

Walikuja kuyatambua hayo ng'ambo, katika mbuga ya udongo mweusi, kabla ya kufika Lupiro. Eustaki alikuwa ameingiza nguvu ya magurudumu yote manne, na gari lilikuwa likitambaa vizuri, mara sehemu ya nyuma ikaanza kushuka. Halikuteleza. Lilishuka tu, kama mtu anayeketi, mpaka difu ikalala kwenye tope.

Alishuka, akatazama, akaingiza mkono chini ya godoro na kuligusa gunia. Akautoa mkono umelowa, punje zimeng'ang'ania vidoleni.

"Mimi," alisema. Akazikung'uta punje.

"Shemeji, si wakati wake," Fidel alisema. "Tuyashushe."

"Tukiyashusha litatoka. Na likitoka litakuwa punda."

Pande zote za barabara mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa, na juu yake yalisimama madungu, vile vichanja virefu wanavyokalia watu kuwafukuza ndege. Kutoka juu ya dungu la karibu mwanamke mmoja alikuwa akiwatazama, kombeo mkononi.

"Shikamoo Bwana Shamba!" alipaza sauti. "Si ulitukataza kulowanisha mpunga?"

"Marahaba," Eustaki alijibu, na sauti yake ilitoka vibaya hivi kwamba yule mwanamke aliacha kucheka. Alishuka. Jina lake lilikuwa Rosa. Alichungulia nyuma ya gari, akamwona aliyelala.

"Mwalimu?" alisema. Kumbe alikuwa amefundishwa na Serafina alipokuwa mtoto, kule mjini. Alimshika mguu kupitia shuka, akamwachia, kisha akageukia mashamba na kuita majina.

Wakaja, wengi wao wanawake, wengine na watoto mgongoni. Walimshusha Serafina pamoja na godoro lake, wakayashusha magunia na kuyapandisha madunguni chini ya paa za nyasi, wakakata matete na kuyalaza chini ya magurudumu, wakasukuma kwa wimbo. Gari likatoka. Mgonjwa akarudishwa ndani, godoro likiwa sasa juu ya bati tupu.

Eustaki alitia gia. Gari lilipiga hatua chache tu za magurudumu likaingia kwenye mfereji, na kutoka nyuma ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mkewe, hata siku ya kumzaa Teddy. Akakanyaga breki. Akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Baba Teddy," Serafina alisema baada ya muda. Alikuwa akipumua kwa vipande. "Hapa panatosha. Mwambieni mama nilifika mpaka hapa."

Ndege walikuwa wameshuka shambani, maana madungu hayakuwa na watu, na hakuna aliyewafukuza.

"Magunia yale yalikuwa ya nini hasa?" Rosa aliuliza.

Paulina alimweleza: gari likiwa na uzito linakuwa laini, lakini uzito ule ule unalizamisha kwenye tope.

Rosa alifikiri. "Sasa sisi si uzito?" alisema. "Tena sisi tuna miguu. Penye tope tunashuka, penye ukavu tunapanda. Gunia gani linafanya hivyo?"

"Wewe, Rosa, peke yako ni magunia mawili," mwenzake mmoja alisema.

"Basi nimeshajaza nafasi ya mtu mmoja zaidi. Panda."

Wakapanda. Walikaa kwenye mabenchi, miguu yao ikilizunguka godoro kama ukingo, wawili wakaketi sakafuni upande wa miguu ya mgonjwa, wengine wakasimama kwenye ngazi ya nyuma wameshika paa. Springi zilizopunguzwa zikainama. Eustaki aliondoa gari, akapita kwenye shimo la kwanza akiwa amezuia pumzi. Kimya. La pili. Kimya. Kisha akamsikia Serafina akiuliza kwa sauti ya darasani, iliyofifia, "Rosa, ulijifunza kugawanya, au bado unanakili kwa jirani?" na gari zima likacheka.

Walikwenda hivyo siku ile yote. Penye tope walishuka wote, wakatembea pembeni wameinua khanga, wakisukuma inapobidi, na Eustaki akaliendesha gari likiwa jepesi, polepole kama mtu anayebeba maji kiganjani. Penye ardhi ngumu walipanda tena. Karibu na Lupiro kundi la Rosa lilisema kwamba ndege wanamaliza mpunga. Kabla ya kugeuka nao, Rosa aliingia kwenye nyumba za kando ya barabara, akatoka na wengine, watu ambao hawakumjua Serafina, waliopanda na kukaa kimya kwa heshima kama watu wa kanisani. Na mbele ya hapo wengine tena. Fidel, ambaye mwanzoni alikuwa akishuka kuwaomba, aliacha kuomba. Alikuwa akisema tu, "Tuna mgonjwa anakwenda kwa mama yake," na watu waliweka chini walichoshika.

Jua lilikuwa bado halijagusa mlima walipofika. Walimwingiza Serafina ndani, wakamlaza kwenye kitanda cha mama yake. Bibi Valeria alipapasa uso wa binti yake, mabega, kisha mikono, kidole kimoja baada ya kingine, kama anayehakiki kwamba kila alichokitoa kimerudi.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Barabara imekuumiza?"

"Hapana, mama," Serafina alisema. "Nimebebwa vizuri."

Aliishi hapo siku chache. Padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Alfajiri moja, mama yake akiwa bado amemshika mkono, aliondoka kwa utulivu hivi kwamba Bibi Valeria aliendelea kumsimulia habari za utoto wake mpaka kahawa ilipoletwa. Walimzika karibu na baba yake. Waombolezaji walikula ugali na maharage yaliyochangwa na majirani, kwa kuwa mpunga ulikuwa umebaki mbugani.

Fidel na Paulina walibaki kusubiri arubaini. Eustaki alitakiwa kurudi Katindiuka kutoa taarifa na kumsubiri Teddy, akarudi peke yake.

Gari lilikuwa tupu, na springi zake zikiwa zimepunguzwa, halikuwa punda tena bali kitu kibaya zaidi. Lilirukaruka na kupayuka, bati likagongana na bati. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukwepa shimo lolote. Aliyapita yote kama yalivyokuja, na katika kishindo kile alipata namna ya ahueni, maana hakuna mtu awezaye kufikiri ndani ya kelele kama ile.

Katika mbuga, Rosa, akiwa juu ya dungu, alimwona kwa mbali. Alishuka, akaenda kumlaki kando ya barabara kabla hajaufikia ule mfereji. Aliangalia nyuma ya gari, pale palipokuwa na godoro.

"Alimkuta mama yake?" aliuliza.

"Alimkuta."

"Pole, Bwana Shamba. Pole sana." Akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Kisha akaita wenzake.

Walikuwa wameuanika mpunga wake. Kila jua lilipotoka waliutandaza kwenye mikeka, mvua ilipotisha wakauzoa, na kuuanika tena, mpaka punje zikarudi kulia chini ya jino. Waliubeba bila kumwuliza, wakayalaza magunia sakafuni mwa gari, pale pale yalipokuwa. Alitaka kuwaambia wabaki nayo. Hakuweza, kwa sababu walikuwa wakiyaweka kwa uangalifu mkubwa, kila moja mahali pake, kama watu wanaotandika kitanda.

Akaaga. Akatia gia, akaingia barabarani.

Gari lilipita kwenye mfereji ule uliomtoa Serafina sauti ile. Lilishuka taratibu, likapanda taratibu, halikutikisa kitu. Eustaki, kwa mazoea ambayo mwili ulikuwa umeyapata katika safari moja tu, aliinamisha kichwa na kusikiliza nyuma.

Palikuwa kimya. Aliendelea kusikiliza. Kisha akasimamisha gari katikati ya barabara, akazima injini, akalia.